Nani Alikuwa Anabandua Mlango wa Bibi?

Wezi wa kuku nawajua. Wezi wa nyaya nawajua. Ila mtu anayeingia nyumbani kwa watu kubandua utepe wa kuzibia upepo mlangoni? Hiyo ilinikuta kwa bibi yangu Enid, mjini Hebden Bridge, Uingereza.

Mlango wake wa mbele ni mzee kuliko sisi wote. Mbao, vioo vya rangi, tundu la shaba la kupitishia barua. Kuubadilisha hakuruhusiwi, mtaa ule unalindwa na sheria. Baridi ikianza, upepo unapiga mluzi kila upenyo.

Shangazi Maureen alinijia analia.

"Corey, fundi ni wewe. Watu wa halmashauri wanakuja kukagua. Wakikuta baridi hii, watasema mama ahamie nyumba ya wazee. Unataka hivyo?"

"Labda niwe nimekufa."

Nikapiga kazi. Utepe wa sponji fremu nzima. Brashi kwenye tundu la barua, kibati juu ya tundu la ufunguo. Pazia zito la sufu, na chini nikalaza soseji ya kitambaa niliyoijaza mchanga.

Mlango ukanyamaza.

"Umefanya vizuri, kipenzi," bibi akasema.

Kesho yake nakuta utepe umebanduka. Nikalaumu gundi, nikabandika upya. Siku iliyofuata, brashi haipo kabisa!

"Bibi, nani kaingia humu?"

"Hata sijui. Labda babu yako."

Babu tulishamzika.

Nikaamua kumvizia huyo mzimu. Mchana nikapita mlango wa jikoni, nanyata.

Nikamkuta bibi. Kapiga magoti, na goti lake bovu lile, kisu cha siagi mkononi, anabandua utepe huku anaimba.

"Bibi! Umerukwa na akili?"

"Usinifokee nyumbani kwangu, mbwiga wee!"

"Ukiacha baridi iingie watakuhamisha!"

"Si ndo ninachotaka!"

Nikakaa chini kwenye ngazi.

"Shoga yangu Peggy yuko kule kwenye nyumba ya wazee," akasema. "Wanacheza karata, wanataniana. Mimi hapa naongea na birika, Corey. Birika! Nikianguka mtanikuta nimekauka. Ila Maureen anavyolia, na wewe ulivyohangaika... ningeanzia wapi?"

Afisa wa halmashauri alipokuja, dada mmoja mpole, mlango nilishauziba tena. Joto tele. Makusudi kabisa. Sikutaka bibi aondoke kwa kisingizio cha upepo. Nilitaka aseme mwenyewe.

"Unaendeleaje hapa, Enid?"

Bibi akatabasamu. "Siwezi kulalamika."

Jamani! Watu wa kwetu hata paa liwaangukie kichwani, watakwambia hawawezi kulalamika. Maureen akashusha pumzi. Afisa akaanza kufunga mkoba.

Nikashindwa.

"Bibi, lalamika!"

"Corey, adabu!" Maureen akafoka.

"Lalamika, bibi! Leo tu!"

Bibi akatazama mikono yake. Halafu akafungua mdomo, akalalamika mpaka chai ikapoa. Maureen kajifunika uso.

Sasa hivi yuko na Peggy. Nyumba inauzwa, na nikipita pale naumia, sidanganyi.

Ila wewe unayehangaika kumtilia mzee wako joto ndani, kaa naye kwanza umuulize kama anataka kuishi humo. Akikujibu hana neno, muulize tena.