Shemeji na Maharage ya Watu

Shemeji yangu, mpiga nguruwe pori, akiingia shamba jipya hulizunguka kwanza, bunduki tupu begani, risasi mfukoni. Geti alilolikuta wazi huliacha wazi. Lililofungwa hulifunga tena, kisha hulitikisa kuhakikisha. Ana vidole vinene kama mihogo, lakini waya wa ua huuinua taratibu utadhani anamfunua mtoto aliyelala.

Mama mwenye shamba alikuwa mlangoni anatuchunga, mbwa wake mkali kando yake, hajafungwa. Nguruwe walishamlia nusu ya mahindi, na wapigaji waliotutangulia aliwatimua kwa kumkanyagia miche. Mara dume likachomoza ng'ambo ya maharage machanga, kichaka kikilikinga.

"Katiza hapo katikati, upesi!" nikamhimiza. "Mimi ningeliangusha huku jicho moja limesinzia."

"Hata hilo lingine husinzia, shemeji. Haya maharage umepanda wewe?"

Akatia risasi, akazunguka kwa mfereji, hatua kwa hatua, bila papara. Dume likatokomea. Yeye akatoa risasi, akainama kufuata nyayo za dume hilo ukingoni.

Mama akashuka, akakagua miche mstari kwa mstari. Nikajiandaa kufukuzwa.

"Kesho njooni mapema," akamwambia shemeji. "Mbwa nitamfunga."