Mchezo wa Birika na Fimbo ya Mama

Adui wa kwanza katika mchezo ule alikuwa birika. Lilichomoza nyuma ya kibanda cha mboga, likatunisha shingo, likamtemea maji ya moto msichana mdogo aliyeshika upawa. Msichana naye hakusita. Alilitwanga mpaka likapasuka na vipande vikaruka hadi ukingo wa kioo. Kisha, badala ya kurukaruka kama mashujaa wa michezo mingine, alichutama kando ya vile vipande akalia. Maandishi yakajaa chini ya kioo, mistari kwa mistari ya Kijapani, na kaka yangu akabonyeza hadi yakaisha, kwa kuwa hatukuweza kusoma hata herufi moja.

Kifaa chenyewe cha kuchezea kilitosha viganjani. Kaka alikipata kwa mwalimu wa kujitolea, Mjapani aliyefundisha hisabati katika sekondari yetu, ambaye siku ya kurudi kwao alimwachia pamoja na mchezo huo mmoja ndani yake. Tukaucheza mwaka mzima tukiwa vipofu. Baada ya birika ulikuja mwavuli wenye meno, kisha kabati lililomeza watoto, kisha kiatu kikubwa kilichokanyaga mji. Wote walikufa vibaya, na kila mmoja alipokufa, msichana alilia.

"Analipiza kisasi," kaka alisema. "Vitu vya nyumbani vilimuua babake."

"Mtu analipiza kisasi akilia hivyo?"

"Wewe ni mtu wa vitabu, utajua nini kuhusu vita?"

Ndipo akasoma kwenye simu kwamba mchezo utatoka kwa Kiingereza, kwa ajili ya nchi za nje. Kuanzia hapo nyumba yetu ilikuwa na kalenda ya pili. Kulikuwa na siku za mvua, siku za mshahara, na siku iliyosubiriwa na kaka, ambayo kila ilipokaribia iliahirishwa. Waliotengeneza mchezo waliomba radhi, wakasogeza mbele, wakaomba radhi tena. Aliapa kwamba akijua kwa nini msichana yule analia, hatanisumbua tena maishani.

Tuliishi kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, upande wa Litein, mlango kwa mlango na watu waliotoka ziwani kama sisi, na Wakipsigis, na Wakisii. Mama alikuwa mchumaji. Alichuma kwa vidole vyote kumi, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, akivirusha begani kwenye kikapu bila kutazama. Mbele yake alilaza fimbo yake juu ya michai. Kila mchumaji ana fimbo yake, nyembamba na iliyonyooka. Huilaza juu ya safu ili aone usawa, asichume chini yake akaujeruhi mti. Ya Mama ilikuwa imelainika kwa miaka ya viganja hadi ikang'aa kama mfupa. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba ndiyo iliyolisawazisha lile zulia la kijani linaloteremka hadi mtoni.

Halafu zikaja mashine. Mashine ya kuchuma hushikwa na watu wawili, mmoja kila upande wa safu, na nyuma yao hujikokota mfuko uliovimba kama tumbo la ng'ombe aliyekufa. Hukata kila kitu: jani changa, jani kuukuu, kijiti, kiota. Siku ya kwanza niliona kinyonga akitoka kwenye mfuko vipande viwili, na kipande chenye kichwa bado kinabadili rangi. Watu wawili wakafanya kazi ya watu wengi, na hao wengi wakaambiwa na nyapara wakae nyumbani wasubiri kuitwa.

Mmoja wa hao wawili alikuwa kaka yangu.

Mama hakumlaumu. Alimfulia ovaroli ya kazi, akaianika mbele ya mlango, na asubuhi tukaikuta imechanwa kwa panga kuanzia kola hadi magoti. Jirani wa mlango wa pili, aliyemshika Mama mkono siku aliponizaa, aliacha kumsalimu. Kwenye bomba la maji mwanamke mmoja alimmwagia ndoo miguuni akasema, "Pole mama opareta, mashine yako itakuchotea ingine." Vijana wa mashine walianza kutembea watatu watatu. Shamba la ng'ambo ya mto likatoa moshi mweusi mchana kutwa, na tukasikia kwamba mashine mbili zilichomwa na opareta mmoja alitupwa juu ya moto akajirusha nje nywele zikiwaka. Wachumaji wa kwetu waliapa hadharani, kwenye banda la mizani, kwamba zamu yetu inakuja, na kwamba anayeishika mashine ataungua nayo.

Mjomba wangu akaja kutoka ziwani kumchukua kaka.

"Panga nguo, twende," alisema, hata kabla ya kukaa. "Utarudi wakitulia."

"Siwezi saa hii, mjomba. Kuna mzigo nangoja kwa posta."

"Mzigo gani?"

Kaka alinitazama aone kama nitacheka. Mchezo ulikuwa umetoka hatimaye. Binamu yetu, muuguzi huko ughaibuni, alikuwa ameununua na kuutuma, na ungechukuliwa Litein na mwenye jina na kitambulisho chake. "Ni mchezo," alisema.

Mjomba alimgeukia Mama. "Huyu mtoto wako anataka kukufa juu ya mchezo?"

"Baba," Mama alimwambia kaka, kwani alimwita hivyo tangu kuzaliwa, kwa heshima ya babu yetu, ambaye kaka alipewa jina lake, "enda na mjomba wako. Nakuomba."

"Mzigo ukifika tu, mama. Nitauchukua, nipande gari hapo hapo Litein. Sitarudi hata kwa nyumba."

Mjomba aliondoka peke yake, akisonya hadi barabarani.

Ujumbe wa posta uliingia asubuhi moja yenye ukungu. Kaka alivaa koti, akatia kifaa mfukoni, akanipa mkono kama mgeni anayeaga. Nilimsindikiza. Njia ya kwenda lami inapita katikati ya michai hadi banda la mizani, na tulipopinda kona tuliona moshi, kisha umati.

Walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona pamoja, wa kila lugha, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwuliza mwenzake ametoka wapi. Mashine ilikuwa inaungua kwenye nyasi. Mfuko wake uliyeyuka ukidondosha moto. Maopareta wawili walikuwa wamepigishwa magoti.

"Wa tatu huyu hapa! Amejileta!"

Mikono ilimnyakua kutoka kwangu kama jani. Nilipigwa kiwiko cha mdomo nikaanguka, na nilipoinuka alikuwa tayari amevalishwa kikapu mgongoni.

Hawakuwa wanaua. Walikuwa wanafundisha, na hilo lilinitisha zaidi. Kila opareta alisukumwa kwenye safu, akaamriwa achume kwa mkono. Mwanamume mwenye panga alimwaga kikapu mezani pa mizani, akapekua, na kwa kila jani gumu lililopatikana opareta alipigwa mara moja.

"Hii ni nini? Wewe, hii ni nini?"

"Ni... ni chai."

"Ni kuni!" Watu wakacheka. Panga likashuka kwa ubapa, kisha kwa ubapa, kisha mkono uliolishika ukachoka kugeuza. Opareta wa kwanza alifunguka begani hadi nikaona weupe wa mfupa. Alibebwa akipiga kelele za ng'ombe.

Kaka alichuma. Alikuwa amezaliwa kwenye chai, ila vidole vyake vilijua vibonyezo tu. Aling'oa na vijiti. Kikapu kilipomwagwa hakukuwa na haja ya kupekua. Mwenye panga alitema mate kwenye kiganja.

Jirani yetu wa mlango wa pili ndiye aliyepaza sauti. "Ngojeni! Mama yake si mchumaji? Aitwe. Apime mwenyewe kazi ya mtoto wake."

Mama alikuwa nyuma ya umati. Walimfungulia njia. Alikuja polepole, epuroni yake ya plastiki ikikwaruza, fimbo mkononi. Aliinama juu ya meza, akayageuza yale majani kwa ncha za vidole vyeusi vya utomvu, moja baada ya jingine, kana kwamba kulikuwa na jioni nzima ya kufanya kazi hiyo.

"Takataka," alisema.

Kisha akamwambia kaka, "Weka mkono hapa."

Aliuweka mkono wa kulia mezani. Mama aliinua fimbo kwa mikono yote miwili. Nilisikia upepo wake kabla ya kusikia mfupa. Aliinua tena, akapiga tena, palepale, na safari hii fimbo ilivunjika, nusu yake ikaruka juu ya vichwa. Kaka alipiga yowe ambalo sijapata kulisikia kwa kiumbe chochote. Aliteleza chini, akajikunja juu ya mkono wake, akalia na kulia, na damu ikaanza kuchuruzika kutoka chini ya kucha.

Mwenye panga alibaki ameliinua, halafu akalishusha, kama aliyesahau alitaka kulifanyia nini.

"Basi," jirani alisema, bila kumtazama mtu. "Mama amemfunza. Mtoeni."

Opareta aliyebaki hakuwa na mama pale. Yaliyompata niliyasikia nikiwa nimemshika kaka kiunoni, tukikimbia kati ya safu, na sitayaandika. Alipona, lakini jicho lake moja halikupona.

Ndani ya gari la kwenda hospitali, kaka aliniambia kitu ambacho umati haukukisikia. Alipokuwa anainua fimbo mara ya kwanza, Mama alisema kwa Kijaluo, bila kufungua midomo: lia, mwanangu, lia kwa nguvu.

Mzigo niliuchukua mimi, kwa kitambulisho chake, baada ya kubishana sana na mtu wa posta. Kaka alikuwa nyumbani kwa mjomba, mkono kwenye plasta hadi kwenye kiwiko, vidole vitatu vikiwa na vyuma. Mama naye alikuwa huko. Hakuwa na fimbo tena, na hakutaka nyingine.

Niliupachika mchezo. Kaka alijaribu kwa mkono wa kushoto peke yake, na birika likamuua. Alijaribu tena, likamuua tena. Mimi nilijitolea, akakataa. Alisema vidole vyangu ni vizito. Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua omena, dagaa wa ziwani. Alinawa, akajipangusa kwa leso, akaja kuketi upande wa mkono mbovu.

"Nifinye wapi?"

"Hicho cha juu, kikiwaka. Usichelewe."

Hakuchelewa. Vidole vilivyochuma miaka yote bila kutazama havikuhitaji kuonyeshwa mara mbili. Yeye alibonyeza kulia, kaka kushoto, na upawa ukashuka, ukashuka, mpaka birika likapasuka na vipande vikaruka hadi ukingo wa kioo. Msichana akachutama akalia. Maandishi yakaja, safari hii kwa Kiingereza, na kaka akavuta pumzi ili atusomee.

"Wacha," Mama alisema. "Huyo najua mbona analia." Alikuwa bado ameshikilia kibonyezo. "Anayefuata ni gani?"

Kaka aliyabonyeza maandishi hadi yakaisha.

"Mwavuli," alisema. "Una meno. Ngoja ufungue mdomo, mama, ndio ufinye."