Kidonda Juu ya Chuma

Dada yangu alirudi nyumbani Kiamunyi akiwa na chuma ndani ya mkono wa kulia, na kabla hajaketi mama alikuwa ameshatoa blanketi langu kwenye kitanda cha kando ya dirisha. Hakuniuliza. Alilikunja, akaliweka juu ya cherehani yangu, akasema, "Wewe utalalia godoro hapo chini. Mgonjwa anataka mwangaza."

Ilikuwa mwaka wa 2007, mvua ya masika imeanza. Dada alikuwa msimamizi kwenye shamba moja la maua kule Naivasha. Siku aliyoumia, sakafu ya mahali pa kupangia maua ilikuwa na maji, akateleza akiwa amebeba ndoo, akauangukia mkono. Mfupa mmoja wa kigasha, kati ya kiwiko na kifundo, ukavunjika. Madaktari walimpasua, wakauunga kwa bamba la chuma na skrubu sita. Idadi hiyo naikumbuka kwa sababu alikuja na picha ya eksirei kwenye bahasha kubwa ya kaki, na hakuna mgeni aliyeingia kwetu asiyeonyeshwa. Mama ndiye aliyekuwa akiiinua dirishani na kuhesabu kwa kidole. Wageni wanashangaa, wanasema "Wuui!", halafu wanamgeukia dada na kumuuliza kama anahisi baridi ya chuma. Dada anacheka. Alikuwa na kicheko ambacho watu hupenda kukisababisha.

Mimi nilikuwa jikoni nikipika chai ya hao wageni.

Naweza kusema sasa kwamba nilimwonea wivu dada yangu, na nikisema hivyo simaanishi kwa mambo makubwa tu. Ndiyo, yeye alipelekwa shule ya bweni akamaliza, mimi nikatolewa kidato cha pili nikafundishwa kushona, kwa sababu baba alikuwa ameanza kuugua na mtu alitakiwa kubaki na mama. Hilo nilikuwa nimelizoea. Lakini niliuonea wivu hata ule mkono. Nilipokuwa na miaka kumi na saba niliungua paja kwa pasi ya makaa, nikapaka dawa ya meno, na mama akaniambia, "Utapona tu, enda umalizie hizo sare za shule." Hakuna aliyeniletea hata mkate. Sasa kulikuwa na mikate minne mezani, maziwa, ndizi, na kuku wawili wamefungwa miguu chini ya meza, wote wakingoja mkono wa dada yangu upone.

Kazi ya kumhudumia ilikuwa yangu. Nilimwogesha, nilimvalisha, nilimsuka nywele, nilimkatia chapati vipande vidogo ili aweze kula kwa mkono wa kushoto. Hakuwa mtu wa kudeka. Alisema asante kila mara, na asante zake ziliniudhi kuliko kama angeninyamazia.

Nyuzi zilitolewa baada ya wiki mbili. Kidonda kilikuwa mstari mrefu kutoka karibu na kifundo cha mkono hadi katikati ya kigasha, kimekauka vizuri isipokuwa sehemu ndogo ya chini, ambako ngozi ilikuwa bado laini na nyekundu. Muuguzi wa zahanati ya pale karibu alituambia tusikiloweshe, na dada asigonge mkono popote. Huyo muuguzi alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache, na sisi wote tulimwita daktari.

Jumapili iliyofuata mama alichinja kuku mmoja. Kwetu, watu wa Magharibi, firigisi ni ya mwenye nyumba. Baba alipofariki, mama aliendelea kuipika, lakini hakumpa mtu. Aliikatakata ndani ya mchuzi tukaila bila kujua nani ameipata. Siku hiyo aliitoa nzima kwa kijiko na kuiweka kwenye sahani ya dada.

"Mama," dada akasema, "hii si ya baba?"

"Kula," mama akasema. "Wewe ndiye umesimama mahali pake."

Mimi ndiye niliyemnyoa baba ndevu miezi yake ya mwisho. Mimi ndiye niliyebaki. Niliinuka mezani nikasema naenda kuchota maji kabla mvua haijaanza, na mama akanijibu bila kugeuka, "Lete jerikeni mbili."

Nilirudi na jerikeni mbili za lita ishirini, moja kila mkono. Mlango wetu wa jikoni ulikuwa wa mbao, unafungukia ndani, na ukiwa umebeba vitu uliusukuma kwa mguu. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kuanguka. Nikasikia ndara za dada zikiburuta sakafuni, ndani, karibu. Nikaupiga mlango teke.

Sikuusukuma, niliupiga teke. Mlango uligonga kitu kisicho ukuta, na dada akalia sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Alikuwa amesimama nyuma yake akiweka sahani kwenye kabati, mkono mgonjwa ameuinua kuushikilia mlango wa kabati. Ukingo wa mbao ulikuwa umempiga palepale penye ngozi laini. Bandeji iligeuka nyekundu nikiwa bado nimeshika jerikeni.

Mama alikuja mbio. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Alimshika dada kiunoni, akasema, "Pole mwanangu, pole, ni bahati mbaya," akanipita kana kwamba mimi ni mlango wenyewe.

Kule zahanati muuguzi alifungua bandeji. Kidonda kilikuwa kimeachana sehemu ya urefu wa ukucha wa kidole gumba. Alikiosha, akainama na tochi ndogo.

"Hapa ndani kuna chuma," alisema. "Jeraha la kawaida likiingia uchafu tunaosha, tunatoa dawa, linakwisha. Likiingia uchafu mahali pana chuma, uchafu unakaa kwa chuma. Mnaelewa? Mtu anaweza kupasuliwa tena. Endeni hospitali kubwa sasa hivi."

Tulienda mjini. Mama alimshika dada upande mmoja, mimi nikabeba bahasha. Picha mpya ilionyesha chuma hakijasogea, wala hakikuonekana kwenye kidonda. Daktari wa huko hakukishona kidonda. Alisema kiachwe kijae kutoka ndani kwenda juu, kioshwe kila siku, ameze dawa za kuua viini hadi ziishe, na tukiona usaha, harufu, joto au wekundu unaosambaa tusingoje kesho.

Kesho yake asubuhi muuguzi wa zahanati alituita. Alitutazama sisi watatu, kisha akanyoosha kidole. "Wewe fundi wa nguo. Una mikono mitulivu. Utaosha wewe."

Akanifundisha. Kucha zikatwe. Mikono ioshwe kwa sabuni hadi viwiko. Maji yachemshwe na chumvi, kijiko kidogo kwa nusu lita, yafunikwe yapoe. Kipande cha shashi, kile kitambaa chepesi cha vidonda, kinachovywa mara moja, kinapita mara moja, kinatupwa. Unaanza katikati unaenda nje, bila kurudi ndani. Usisugue. Usipulize kwa mdomo. Kama shashi ya jana imeshika, iloweshe mpaka iachie yenyewe, usiivute. "Na usiweke kitu chochote ambacho mimi sijakupa," alisema. "Hata kama ni mama yako amekipata."

Nilianza siku hiyohiyo. Dada aliweka mkono juu ya meza ya cherehani, juu ya taulo safi, akageuza uso pembeni. Nilifanya kila kitu kama nilivyoambiwa, polepole, na jasho lilinitoka shingoni. Nilipomaliza nikatoka nje nikamwaga maji machafu nyuma ya choo.

Siku ya tano ngozi pembeni ilikuwa na joto. Nilimkimbilia muuguzi. Akaja mwenyewe, akapapasa, akachora kwa kalamu mstari kuzunguka ule wekundu. "Wekundu ukivuka mstari huu, niite." Siku nzima sikushona. Kila baada ya muda nilimwomba dada anionyeshe mstari, mpaka akasema, "Wewe, utauchosha huo mstari." Kesho yake wekundu ulikuwa umerudi ndani.

Wiki hiyo mama alikuja na vidonge vya rangi mbili alivyopewa na rafiki yake wa kanisani. Unavifungua, unamwaga unga wake kidondani, kinakauka haraka. Alikuwa ameshafungua kimoja.

"Hapana, mama," nikasema.

"Kwani wewe ni daktari?"

"Daktari amekataza kitu chochote."

"Mimi nimelea watoto wangu na unga huu. Sogea."

Sikusogea. Mama alinitazama kwa mshangao wa kweli, kwa sababu sikuwa nimewahi kumkatalia jambo. Dada akauvuta mkono wake kutoka upande wa mama, akauleta mbele yangu.

"Mama, wacha," alisema. "Mkono huu ni wake yeye."

Mama akafunga vile vidonge kwenye karatasi, akaenda kuketi nje. Jioni akaniuliza, si dada, mimi: "Leo kikoje?" Nikamwambia. Akaniuliza tena kesho yake, na siku iliyofuata. Ikawa desturi. Mama alikuwa hajawahi kuniuliza jambo akangoja jibu langu hivyo.

Siku moja baada ya mvua tuliketi kizingitini, mimi na dada, nikifunga bandeji. Akauliza bila kuinua macho, "Ulisikia ndara zangu siku ile?"

Ningeweza kusema hapana. Kila mtu alikuwa ameshakubali kwamba ni bahati mbaya.

"Nilizisikia," nikasema.

"Ulitaka kunigonga?"

"Sijui. Nilikuwa na hasira. Nilitaka mlango ulie."

Nilidhani atautoa mkono, lakini haukutoka.

"Ile firigisi," akasema, "ilinikwama hapa." Akagusa koo kwa mkono wa kushoto. "Baba alipokuwa anakufa nilikuwa Naivasha nahesabu maua. Nikipiga simu unaniambia amekula uji, amekataa uji, leo amecheka. Nilikuwa nakuchukia kwa hicho kicheko. Kwa nini akuchekee wewe?"

Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kunionea wivu, tena kwa miezi ile ya kubadilisha mashuka na kukosa usingizi.

"Kaza kidogo," akasema. "Imelegea."

Nikakaza.

Ningependa kuandika kwamba wivu uliisha siku hiyo. Ulihamia mahali pengine tu. Nilikijua kidonda kile kuliko nilivyokijua kitu kingine chochote: kilipokuwa kama punje ya mahindi, kilipoanza kujaa nyama nyekundu inayong'aa, kilipoanza kuwa na ukingo wa rangi ya waridi. Wageni walipokuja wakitaka kukiona, nilisema kimeshafungwa, hata kama bandeji ilikuwa bado mkononi mwangu. Siku niliyochelewa kutoka kupeleka nguo mjini nikakuta muuguzi amekiosha yeye, nilinuna mpaka kesho. Muuguzi, aliyenifundisha!

Kisha dada akaitwa kazini. Walimpa kazi nyepesi ya kuandika, mkono ukiwa bado na kijitundu cha kichwa cha kiberiti. Nilimuuliza nani atakuwa akikiosha.

"Kuna mwenzangu tunakaa chumba kimoja. Aliwahi kusomea mambo ya huduma ya kwanza. Usijali."

Nilijali. Nilifunga mfuko wa shashi na chumvi na maelezo niliyoandika kwa mwandiko mzuri, na mama alipokuwa akilia akimkumbatia dada, mimi nilikuwa nikimchukia mwanamke wa Naivasha ambaye sijawahi kumwona. Nilimwazia na kucha ndefu.

Baada ya Jumapili mbili nikaenda. Mwenzake alikuwa msichana mfupi mwenye haya, kucha zake fupi kabisa. Alikuwa amechemsha maji na yamepoa. Karatasi yangu ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya beseni. Nilitafuta kosa na sikuliona, isipokuwa plasta alikuwa ameikata kwa mshazari.

"Ni wewe ulianza?" akaniuliza. "Ulifanya kazi safi."

Nikasema asante, lakini sauti yangu haikuwa nzuri, na dada akaisikia.

"Leo mwachie yeye," akamwambia mwenzake.

Nikanawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikafungua. Kijitundu hakikuwepo. Kulikuwa na ngozi mpya, nyembamba, inayong'aa, na nilipoipapasa pembeni kwa kidole nilihisi chini yake ugumu wa lile bamba. Hakukuwa na cha kuosha. Nikaosha hivyohivyo, kutoka katikati kwenda nje, nikaweka shashi safi, nikafunga, na dada akaniacha nifunge ingawa sote watatu tulijua hakuna haja.

Nilirudi Kiamunyi alasiri. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na kabla sijavuka kizingiti akauliza, "Mkono wake ukoje?"

Hakuuliza safari ilikuwaje, wala kama nimekula.

"Kidonda kimefunga," nikamwambia, nikampita nikaingia ndani kuvua viatu.