Pilau iliyozima GPS

Leo nusura pilau yangu inipotezee mume, jamani.

Gari lao la kupima ardhi liliharibika porini. Abdalla wangu akabaki kulilinda, mwenzake Mwakio akaja Voi kwa lifti, akaazima gari kutuchukua: mimi, maji na chakula. Mahali penyewe pamewekwa kwenye GPS, kile kidude cha mkononi kinachoonyesha njia.

Mwakio, kwa kuogopa mashimo, akakifunga ndani ya kanga pamoja na sufuria ya pilau ya moto.

Tulipoacha barabara, akakitoa. Kioo cheusi tititi!

"Shemeji, kilishaanguka kutoka juu ya gari kikapona. Leo kimeuliwa na joto la pilau!"

Sikucheka. Vichaka vyote vimefanana, na mume wangu yuko juani bila maji.

"Maji kinaogopa?" nikamuuliza.

"Hakiogopi."

Nikaivua sufuria kanga, nikailowesha kanga hiyo kwa maji, nikakizungushia kipoe. Nikamswalia Mtume. Weusi ukafifia polepole, namba zikarudi.

Alhamdulillahi, tulimkuta mzima, midomo imekauka. Akanywa, akanywa tena, kisha akaonja.

"Mama Zuhura, mbona pilau imepoa?"

Nimecheka mpaka nikalia. Ninyi mngemjibu nini?