Kisu Nilichompa Daktari Errol

Miaka kumi na tisa nasimama chumba cha upasuaji hapa Toronto nikimkabidhi daktari visu. Hakuna wa kunifundisha mimi kisu. Cha chuma hukata upesi, damu ikatoka. Cha umeme huchoma mishipa kinapopita. Damu kidogo, ila huenda polepole, na chumba kinanuka nyama choma. Daktari Errol anakipenda hicho cha umeme. Kila siku tunabishana.

Jumamosi ile mchana aliletwa mtu kachomwa kisu tumboni, shuka limelowa damu, mapigo yanafifia.

"Kachomwa na mkewe, kwa kisu cha jikoni," akasema aliyesukuma kitanda.

Nikamtazama usoni. Lahaula! Rizwan, mkwe wangu.

Mkewe ni Tazmin, mwanangu wa pekee. Mwezi uliopita Rizwan alimvunja mkono, Tazmin akaniambia kaanguka bafuni. Bafu gani linaacha alama za vidole shingoni? Sifichi, yule mbwa nilimwombea kifo kila sala.

Ilinipasa niseme ni jamaa yangu, nitoke. Sikusema. Kumngoja muuguzi mwingine ni kumwacha Rizwan afe, na akifa, mwanangu ni muuaji.

"Cha umeme," akasema Errol, kiganja wazi.

Nikamwekea cha chuma.

"Kawthar!"

"Kata! Tumbo limejaa damu, huyu hana dakika za kuchomachoma. Kata, nakwambia!"

Akakata mara moja, kutoka chini ya kifua hadi kupita kitovu. Damu ikaruka hadi kwenye miwani yangu, ikamwagika sakafuni, tukawa tunateleza. Errol akazamisha mikono, akaupapasa mshipa uliokatika, akaubana. Mimi nimeshika kisu kingine, na tumbo la Rizwan liko wazi mbele yangu. Wallahi ningeweza.

Kabla ya kushona lazima nihesabu vifaa, kisije kikabaki kitu tumboni.

"Visu?" akauliza Errol.

Nikakiweka kile cha mkononi kwenye sinia pamoja na vingine. "Vyote vipo."

Nje nilimkuta Tazmin kaketi na polisi, jicho limevimba, pingu mikononi. Akainuka.

"Mama, kafa?"

"Hajafa. Wewe si muuaji, mwanangu. Nimemwokoa kwa mikono yangu hii."

Akanitazama kwa lile jicho moja lililofunguka.

"Basi atarudi, Mama," akasema.