Zawadi ya Harusi ya Meiske

Ubaya wa kukasirika ukiwa chini ya maji ni kwamba huwezi kutukana. Mpira wa kupumulia umekujaa kinywani. Noldi Takasihaeng aliung'ata hadi taya zikamuuma, macho kamkodolea shemeji yake Berti, aliyekuwa akimsukuma farasi-bahari kwa ncha ya fimbo ya chuma ili aielekee kamera ya mgeni.

Farasi mwenyewe hakuzidi punje ya mchele. Alikuwa dume, maana kwa viumbe hao dume ndiye abebaye mimba, na tumbo lilikuwa limemtutumka. Mkia kauviringisha kwenye tawi la tumbawe jekundu lililotanda kama upepeo. Kila alipoficha uso Berti alimgeuza, taa ikammulika machoni, akaficha tena, fimbo ikarudi.

Tumbawe lile alilivumbua Noldi. Kwa waongozaji wa wazamiaji kama yeye na Berti, katika mlangobahari ule wa Sulawesi, mahali penye farasi ni kama shamba: aliyepaona ndiye mwenyewe, wengine huomba. Berti alipomwoa Meiske, dada yake Noldi, ndugu walileta nguruwe na madumu ya pombe kali. Noldi, ambaye karamuni hukaa karibu na mlango, hakuleta kitu. Kesho yake alimshusha bwana harusi majini akamwonyesha tumbawe. Ndiyo ilikuwa zawadi yake. Sharti lilikuwa moja tu, farasi asiguswe, na Berti aliapa kwa jina la mama yake.

Noldi aliwaacha wageni wake wakingoja, akaogelea hadi pale, akakinga kiganja mbele ya tumbawe bila kuligusa. Kila mzamiaji wa kule anaijua ishara hiyo: basi, rudini nyuma. Berti akamvuta mkono. Noldi hakusogea. Mgeni, kwa kukosa la kufanya, akakipiga picha kiganja. Walikaa hivyo mpaka hewa ya wageni wa Berti ikapungua, ikambidi awapandishe juu.

Noldi naye akapanda na wake. Boti zao zilikuwa zimefungwa pamoja. Berti hakungoja hata kuvua mtungi wa hewa.

"Shemeji, umenivua nguo mbele ya wageni."

"Kwani ulikuwa umevaa?"

Nahodha akageuka upande wa injini kuficha kicheko.

"Nimemgusa kidogo tu. Wageni wanataka uso. Nikiwaonyesha mgongo, kesho wanahamia kwa jirani."

"Basi nitamwambia Meiske akusukumesukume kwa mwiko ukiwa umelala, mpaka ugeuke vizuri. Mwapaji wa uongo we. Tumbawe nalichukua. Usikanyage tena pale."

Hapo nahodha aliacha kucheka. Kwao aliyetoa zawadi ya harusi haichukui tena. Kuichukua ni kumrudisha bibi harusi kwao. Noldi alijua alichokisema, na alikuwa na hasira ya kukisema tena.

Habari ilifika nyumbani kabla yao. Meiske alimkuta kaka yake barazani akisugua miwani ya kuzamia kana kwamba anataka kuitoboa. Alimuuliza kama ndivyo anavyomtoa kwa mumewe, kwa maneno ya kurushiana botini. Noldi akamweleza habari ya fimbo, na tumbo la yule mnyama, na kiapo. Alieleza vibaya, kwa kukatakata.

Meiske alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile zawadi uliitoa kwa ajili ya harusi ya nani?"

"Yako."

"Basi huwezi kuichukua, na yeye hawezi kuichezea. Mwenyewe ni mimi. Wala hamkuwahi kuniuliza, nyote wawili."

Akaondoka hivyohivyo. Usiku ule majirani walimsikia kwake, akimwambia Berti kwamba siku atakayoshuka na fimbo kwenye tumbawe lake, asipande ngazi za nyumba yake.

Asubuhi Noldi alipita kwenye tumbawe na wageni wake. Berti alikuwa ameelea mbali kidogo, mikono kaikunja kifuani, kando yake wageni wakimngojea farasi aliyewapa mgongo. Hakuna aliyepiga picha ya maana. Berti alimpungia. Noldi aliangalia tumbo la farasi, likiwa bado limejaa, akapita bila kujibu.

Jumapili alikwenda kula uji wa maboga mezani kwa Meiske, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwita. Berti akamsogezea pilipili. Noldi akainuka, akaizunguka meza, akachukua bakuli jingine la pilipili lililokuwa mbali.