Filta ya Bluu na Unyayo wa Mtoto

Mtaani kwetu alijulikana kama Bwana Filta, na jina lenyewe lilianza kama kejeli. Wapiga picha wenzake walipiga kwanza, rangi wakairekebisha baadaye kwenye kompyuta. Yeye alibaki na kikasha cha vioo vya rangi vya kufunga mbele ya lenzi: cha waridi kwa ofisi zenye taa ndefu zinazomfanya mtu awe kijani kama aliyemeza sabuni, na cha bluu kwa nyumba zenye balbu za manjano.

"Macho yanasamehe," alizoea kusema. "Ukikaa chini ya balbu, baada ya muda huoni tena kwamba kila kitu ni cha manjano. Kamera haisamehi."

Siku hiyo aliitwa kumpiga picha mtoto mchanga wa rafiki yake, fundi wa friji, aliyekuwa kazini mbali na alikuwa hajamwona kifungua mimba wake. Ilikuwa jioni. Mapazia mazito yalikuwa yamebanwa kwa pini, na balbu moja iliwaka juu ya kitanda. Aliyeyabana ni bibi wa mtoto, mama wa fundi, naye alijisifu kwamba tangu watoke hospitali mjukuu wake hajaguswa na upepo.

"Piga, mwanangu, kabla hajaamka," alisema. "Na usimharibu rangi. Huyu ni maji ya kunde, kamrithi babu yake."

Bwana Filta alifunga kioo cha bluu. Kwa kawaida yake alitandaza kwanza leso nyeupe kando ya mtoto, akapiga picha ya majaribio. Leso ikatoka nyeupe pe. Shuka likatoka jeupe. Mtoto alikuwa wa manjano.

Akakivua kioo, akakifuta kwa ncha ya shati, akakirudisha na kupiga tena. Manjano.

"Mbona umetulia kama maji ya mtungi?" bibi akauliza.

"Shemeji," akamgeukia mama wa mtoto, "ananyonya vizuri?"

Mzazi alimtazama mama mkwe wake kwanza. "Jana alinyonya. Leo analala tu. Nikimwamsha anavuta kidogo, analala tena."

"Mtoto mpole," bibi akadakia. "Baba yake alikuwa hivyo hivyo."

"Mama, naomba tufungue pazia kidogo, nimwone kwa mwanga wa nje."

"Ili apigwe na baridi? Wewe umeitwa kupiga picha, udaktari umeuanza lini? Hicho kioo chako ndicho kibovu. Kila siku unaambiwa nunua vitu vya kisasa."

Kioo kilikuwa kikuukuu kweli. Akikosea, atakuwa amemtia mzazi hofu bure, na mtaa utapata cha kusimulia. Lakini kioo kibovu kingeiharibu na leso. Na nje, giza lilikuwa linakaribia. Muda si mrefu hata dirisha lisingesaidia.

"Haya mama, tukipime kioo. Weka kiganja chako hapa, karibu na unyayo wake."

"Kiganja changu kina nini?"

"Hakina kitu. Ndiyo maana nakitaka."

Bibi akacheka kwa dharau, akaweka mkono. Kamera ikalia. Bwana Filta akamgeuzia kamera aone. Kiganja kilikuwa kile kile chake, na wekundu wake na kovu la pasi. Unyayo kando yake ulikuwa kama umepakwa bizari.

Kicheko kikamkauka. Akautazama unyayo wenyewe chini ya balbu, ambako haukutofautiana na chochote chumbani.

"Mama?" mzazi aliita kutoka kitandani. "Kuna nini, mama?"

Bibi alikwenda dirishani akaanza kuchomoa pini; moja ikamchoma kidole, akaendelea. Dirisha halikuelekea machweo, na mwanga ulioingia ulikuwa hafifu lakini mweupe. Akamwinua mjukuu, akafunua ukope kwa kidole gumba. Jicho halikuwa na weupe.

"Mfunike vizuri," alimwambia mkwewe. "Mwanangu, lile gari lako linawaka?"

"Linawaka, mama."

"Sasa unangoja nini?"

Hospitalini muuguzi aliwakemea kwa kuchelewa huku akimfunga mtoto macho kwa kitambaa na kumlaza chini ya taa ya bluu. Bibi alisimama nyuma ya kioo cha mlango.

"Bluu tena?"

"Bluu tena, mama."

"Muuguzi anasema yale manjano yakipanda kichwani..."

"Amesema pia taa itasaidia. Tungoje."

Walingoja. Wauguzi walimtoa mtoto damu ya kupima, wakamtoa tena. Hatimaye kilisikika kilio, chembamba, cha hasira, kisha muuguzi akatoka na kusema kipimo kimeanza kushuka na mtoto anadai ziwa. Hapo ndipo bibi alipoketi.

"Ile picha ya mkono wangu ifute," alisema baadaye, bila kumtazama. "Baba wa mtoto asiione."

Bwana Filta akaifuta mbele yake.

"Haya, kapige nyingine."

"Si humu, mama. Humu hata mimi sina kioo cha kumtoa bluu."